Tonge la Kwanza kwa Mama Adela

Mzee Anselmo hakuwa mgonjwa. Daktari alimpima damu, akampiga picha ya kifua, akamgongagonga mgongo kama mtu anayechagua boga, mwishowe akavua miwani yake akamwambia Wema, "Mama, baba yako hana ugonjwa wowote. Ale tu."

Ale tu! Maneno mawili mepesi hayo, lakini yalimrudisha Wema nyumbani bila hata dawa ya kununua. Tangu mama yake, Walburga, azikwe kule Lusewa mwezi wa tano baada ya mavuno, baba yake alikuwa anapungua kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mkanda wa suruali alikwisha kuutoboa matundu mapya matatu kwa msumari. Mwezi wa kumi Wema alimfuata, akamleta kwake Ruhuwiko, akajiapiza kwamba Noeli haitafika kabla baba hajanenepa. Sasa Noeli ilikuwa imebakiza wiki moja, na mzee alikuwa hatoki kitandani hadi barazani bila kupumzika njiani. Jirani mmoja alishaanza kuuliza kwa sauti ya chini kama mzee amesema anataka kuzikwa wapi.

Wala si kwamba Wema hakupika. Miaka ile ilikuwa ya ruksa ya biashara, na maduka ya Songea yaliyokuwa na viberiti na chumvi peke yake sasa yalikuwa yamefurika vitu. Wema alinunua mchele mrefu mweupe uliovuka bahari, akanunua samaki wa kopo, nyanya za kopo, majarini, na maziwa ya unga ya kukoroga. Akachinja kuku wake mmoja mmoja hadi banda likabaki na jogoo. Kila mchana alitandika kitambaa cha kufuma juu ya meza ya sebuleni, akaweka sahani ya kauri na kijiko na glasi ya maji, akafunika kwa kawa, akapiga goti kidogo. "Karibu chakula, baba." Kisha alitoka na kurudisha mlango polepole, ili baba yake ale kwa heshima, asitazamwe mdomoni. Ndivyo alivyofunzwa. Akirudi, anakuta kilima cha wali kimechokolewa pembeni, kama kwamba panya mwenye haya alipita hapo.

"Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki."

Mumewe Edmund, karani wa ofisi ya mkoa, ndiye aliyesema, "Mpeleke akale kwa Mama Adela."

"Mtu aliyeshindwa kuku wangu, ataweza majani ya Mama Adela?"

"Wema, wakubwa wanatoka Dar es Salaam, wakishuka tu kwenye gari wanauliza kwanza kwa Mama Adela ni wapi, kazi wanaiuliza baadaye. Mpeleke. Tumebakiwa na nini tena?"

Basi Jumamosi ile Edmund alimkalisha baba mkwe wake nyuma ya baiskeli, juu ya mto, akaikokota taratibu huku Wema akimshikilia mzee kiunoni. Walipofika langoni Edmund aliegesha baiskeli, akasema atawafuata saa tisa.

"Huingii?" Wema akamuuliza.

"Mimi na baba mkwe mkono mmoja kwenye chungu kimoja? Wewe mwanamke, unataka watu wa Lusewa wanitoze ng'ombe?" Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Sasa, kwa Mama Adela. Wema alikuwa amesikia sifa zake miaka sita bila kuingia, kwa sababu mwenye jiko lake nyumbani aende kula kwa watu ana nini? Alidhani atakuta jengo la vioo. Alikuta nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa nyasi, uwanja uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio, na chini ya ukumbi meza fupi za duara zenye vigoda kuzunguka. Ukutani hapakuwa na orodha ya vyakula. Palikuwa na vikapu vitupu vimetundikwa kwa misumari, zaidi ya ishirini, na kila kikapu kilikuwa cha kitu chake: hiki cha mahindi mabichi, hiki cha matango, hiki cha viazi vikuu. Kitu kikiwa msimu wake, kikapu chake hushushwa. Kikiisha porini au shambani, kikapu hurudi ukutani hadi mwakani, na hata aje nani, hakishushwi. Siku ile vilikuwa vimeshushwa vitano tu.

Watu walisimulia kwamba mkubwa mmoja aliwahi kudai wali, Mama Adela akamwonyesha mlango kwa mwiko. "Mimi sipiki kilichopanda meli," alimwambia. "Napika kilichonyeshewa mvua hii unayoisikia." Tena alikuwa hapokei mboga iliyolala. Alfajiri kina mama kutoka vijiji vya jirani walipanga foleni mlangoni pake na nyungo zao, naye alipita akinusa, akipapasa, akivunja bua moja asikie linavyolia.

Mwenyewe alitokea jikoni akijifuta mikono, mwanamke mpana wa miaka kama sitini, kilemba chake kimekaa upande.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Mzee Anselmo, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Mama Adela alimtazama mara moja tu, kuanzia kwenye mifupa ya shingo hadi kwenye matundu ya mkanda. Akawaketisha kwenye meza ya katikati, ambako walikuwapo wageni wawili. Mmoja alikuwa Kassimu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Nakapanya, mtu wa kofia na kicheko kikubwa, ambaye lori lake lilikuwa linamsubiri barabarani. Wa pili alikuwa mwalimu kijana aitwaye Tumsifu, aliyehamishiwa Songea kutoka Moshi mwezi mmoja tu uliopita, naye alikuwa ananyoosha shingo kila mlango wa jiko ulipofunguliwa.

"Shikamooni," wakasema wote wawili, nao wakanawishwa mikono kwa kata.

Kwa Mama Adela chakula hakitajwi jina. Kinateguliwa. Alisimama mbele yao na chungu cha kwanza kimefunikwa kwa jani la mgomba, akasema, "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia.

"Walizaliwa na mabawa, wakatoka arusini siku ya mvua, wakavua nguo zao za arusi mlangoni mwa watu."

Tumsifu akakunja uso. "Malaika?"

Kassimu alicheka hadi kofia ikamteleza. "Mwalimu, unataka kula malaika!"

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji," akasema Mama Adela.

"Chukua Moshi."

"Nimekwenda Moshi, nimefika Moshi, nimekalia kiti cha watu wa Moshi, wananiletea ndizi na mimi nazikataa kwa kuwa si za Songea, wananibembeleza..."

"Kumbikumbi," akasema Mzee Anselmo.

Hakuwa amesema kwa nguvu. Lakini Wema aligeuka kama aliyesikia mlango ukifunguka. Baba yake hakuwa ametamka neno bila kuulizwa tangu mwezi wa kumi.

Jani likafunuliwa. Kumbikumbi walikuwa wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, wanang'aa kama shanga za kahawia, na harufu yao ilikuwa ile ya ardhi kavu inapopigwa na mvua ya kwanza. Tumsifu akarudi nyuma kidogo, kisha pua yake ikamrudisha mbele.

Kikaja chungu cha pili. "Hakupandwa, hakupaliliwa, akija anakuja na mwavuli wake."

"Uyoga!" Kassimu akawahi. "Hiki hata mtoto wa Nakapanya anakijua, mama."

Ulikuwa uyoga kweli, wa aina tatu, ule mwekundu mgongoni, ule mweupe mpana kama sahani, na ule mdogo unaoota kwenye kichuguu, umepikwa kwa karanga zilizotwangwa hadi mchuzi umekuwa mzito kama uji wa mzazi. Kikafuata cha tatu, majani ya kwanza ya maboga, yale yasiyomaliza hata wiki mbili tangu yachomoze, kijani chake hakijafa motoni. Halafu samaki mbasa aliyetoka Ziwa Nyasa, amebanikwa kwa kuni za mwituni hadi ngozi imekuwa rangi ya dhahabu. Mwisho ugali wa ulezi, mweusi, unafuka moshi, umekaa katikati kama mlima na vyungu vyote vimeuzunguka kama vijiji vyake.

Wema alikuwa amevijua vitu hivi vyote tangu utoto. Uyoga aliuchuma mwenyewe na mama yake, kumbikumbi aliwazoa na beseni chini ya karabai. Lakini vilikuwa vitu vya kula jikoni, ukiwa huna nyama, na mgeni akipiga hodi unavificha uvunguni. Hapa vilikuwa vimekaa mezani kama wafalme waliorudi kwao. Mate yalimjaa kinywani, na pamoja na mate, aibu kidogo, akikumbuka makopo yake.

"Haya," akasema Mama Adela. "Desturi ya nyumba hii mnaijua, na asiyeijua aijue. Mkubwa kuliko wote mezani ndiye anayemega tonge la kwanza. Kabla yake hakuna mkono unaoshuka. Hata padre akija hapa akakuta mzee kuliko yeye, padre anangoja. Baba, karibu. Mikono yetu yote iko nyuma yako."

Macho yote yakamgeukia Mzee Anselmo. Yeye alikuwa anatazama ugali. Mkono wake wa kulia, uliokwisha kunawa, ulikuwa juu ya goti, na maji yalikuwa yanakauka juu yake.

Moshi wa ugali ukaanza kupungua.

"Baba," Wema akanong'ona, "mega."

"Wale hawa. Mimi nimeshiba."

"Babu yangu," Kassimu akasema kwa upole, "mimi tangu sala ya alfajiri nina kikombe kimoja cha chai. Tunduru kule barabara imeoza. Nisaidie, nakuomba. Hata tonge dogo kama la kunguru."

"Kuleni, wajukuu. Mimi nawaruhusu."

"Ruhusa yako haitoshi, baba," akasema Mama Adela. Hakuinua sauti wala hakuondoka. "Usipomega, navirudisha jikoni vyungu vyote kama vilivyo. Miaka kumi na miwili sijarudisha, lakini leo nitarudisha."

"Mama, jamani!" Tumsifu alikuwa karibu kulia. "Mimi hata hao wenye mabawa niko tayari kuwala."

Wema alijua watu wa meza nyingine wameacha kula wanawatazama. Lakini hilo halikuwa kitu. Kitu kilikuwa ule mkono juu ya goti. Kama baba yake ataweza kuikalia njaa mbele ya chakula kama hiki, na watu watatu wenye njaa wakimbembeleza, basi hakuna chakula tena duniani atakachokula, na Noeli watampeleka Lusewa amelazwa ndani ya lori. Akainama hadi paji la uso wake likagusa bega la mzee.

"Baba, niambie. Nimekosa nini? Niambie tu, hata kama ni mbele ya watu."

Mzee Anselmo akasema, akiongea na ugali kuliko na mtu, "Hujakosa. Mimi sijui kuanza."

"Kuanza nini?"

"Kula. Sijawahi kuanza. Mama yako ndiye alikuwa anaanza."

Wema hakuelewa. Wao watoto walikula jikoni siku zote, na bibi yao. Baba na mama walikula ndani ya nyumba, mlango umerudishwa, na hakuna mtoto aliyethubutu kuchungulia. Miaka yote ile hakujua wazazi wake walikula vipi, na wala hakuwahi kujiuliza.

"Nilipomwoa," mzee akaendelea, "kaka zangu walinitia hofu. Waliniambia, wale watu wake wa ng'ambo ya mto wana mikono mibaya, wanatia sumu chakulani, utakufa kabla ya mavuno. Nilikuwa kijana mjinga. Siku ya kwanza aliniletea ugali na uyoga, kama huu. Nikautazama tu. Akajua. Hakukasirika, mwanangu. Alikaa chini, akamega, akachovya, akala mbele yangu, akafungua kinywa nione kuwa amemeza. Kisha akacheka. Akasema, haya, mume, kama ni kufa tutakufa wawili." Akatabasamu, na mifupa ya mashavu ikapanda. "Hofu iliisha wiki ile ile. Lakini yeye hakuacha. Miaka arobaini na moja, kila chakula, anamega yeye kwanza, anachovya, ananitazama, anacheka. Ndipo mkono wangu unashuka. Sasa mnaniwekea sahani, mnafunga mlango. Nanyoosha mkono, mkono haushuki. Nimeulazimisha. Haushuki."

Kassimu alivua kofia yake akaiweka juu ya goti. Wema aliona sebule yake: kitambaa cha kufuma, kawa, mlango aliokuwa anaurudisha kwa adabu zote, taratibu, usipige kelele. Kumbe kila siku alikuwa anamfungia baba yake nje ya chakula, kwa heshima.

Akamtazama Mama Adela.

"Usinitazame mimi," akasema yule mama. "Tonge la kwanza ni la mzee. Lakini mzee akitaka kuonjewa, kuonja si kuanza. Ni kazi ya mpishi au ya mtu wake. Mimi si mtu wake."

Hapo ndipo mkono wa Wema mwenyewe ukawa mzito. Binti, mama wa watoto wanne, atie mkono chunguni mbele ya baba yake, tena kabla yake, tena ukumbini? Shangazi zake kule Lusewa wangezimia. Alikuwa hajawahi hata kutafuna mbele yake. Alijikuta anavuta khanga, anaifunga vizuri kiunoni, kama mtu anayetaka kuvuka mto.

Akashusha mkono. Ugali ulikuwa bado wa moto, ukamchoma vidole. Akamega, akalifinyanga tonge, akalitia kishimo kwa kidole gumba, akachovya kwenye uyoga, akanyanyua kipande cha ule mweupe mpana. Akala.

Mungu wangu. Alikuwa amejiandaa kutenda kosa, hakujiandaa kwa utamu. Uyoga ulikuwa laini kama ini lakini una mfupa wa porini ndani yake, karanga zikafuata nyuma zimetulia, na ulezi ukavibeba vyote kwa uchachu wake mdogo. Aliionja mvua. Aliuonja msitu wa nyuma ya kanisa la Lusewa, majani yaliyooza, moshi wa jiko la bibi yake, asubuhi ambazo alizisahau kabisa. Macho yakamjaa maji. Na kwa kuwa alishafika huko, akafungua kinywa mbele ya baba yake, akamwonyesha kuwa amemeza.

Mzee Anselmo alimtazama koo. Alimtazama kinywa. Jikoni ilisikika kuni ikipasuka. Kisha Wema, bila kukusudia, kwa haya tu na kwa utamu ule, akacheka.

Mkono wa mzee ukashuka.

Tonge la kwanza likavunjika njiani. La pili likafika. Alitafuna muda mrefu, macho amefumba, na Wema aliona mshipa wa shingo ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, akauhesabu kama mtu anayesali rozari. Mzee akafumbua macho.

"Nani kauchuma uyoga huu?" akamuuliza Mama Adela. "Umechumwa kabla jua halijaugusa."

"Alfajiri, baba."

"Nimejua."

"Bismillahi!" Kassimu akasema kwa sauti ya mtu aliyeachiwa kutoka jela, na mikono yote ikashuka kwa pamoja. Kuanzia hapo hakukuwa na adabu ya kusimulia. Tumsifu alimla kumbikumbi wa kwanza amefumba macho, wa pili amefumbua, mara ya tatu alichota wachache kwa kiganja, akatangaza kwamba ataandika barua kwao Moshi, lakini hataeleza amekula nini, maana mama yake ataomba ahamishwe. Kassimu alimvunja mbasa kwa ustadi, mfupa mmoja mrefu ukatoka mzima mzima kama kitana. Na Mzee Anselmo alikula. Hakula sana, tumbo lilikuwa limesahau kazi yake, lakini kila baada ya tonge alimtazama binti yake, anangoja, na Wema alionja kinachofuata, jani la boga, mgongo wa samaki, kisha yeye akamfuata.

Baadaye kilikuja kikapu cha tano, hakikufunikwa hata kwa jani. "Ukimtikisia mti wake anakununia uchungu, ukimngoja anakuja mwenyewe miguuni pako," akatega Mama Adela.

"Masuku," wakajibu wanne pamoja, hata mwalimu, aliyekuwa anayaona matunda hayo ya porini kwa mara ya kwanza maishani mwake na alikuwa ameyasikia tu kwa watoto wa darasa lake.

"Mwanangu," Kassimu akamwambia Wema, huku akifyonza kokwa, "baba yako huyu anakula masuku kama mtu anayefukuzwa. Sema aniachie manne ya njiani."

"Nakapanya hamna masuku?" mzee akauliza.

"Yapo, babu."

"Basi ukale ya huko."

Kassimu alicheka hadi akajishika mbavu, na kofia ikaanguka chini kabisa.

Wema akaona kazi imekwisha. Wanaume sasa walikuwa wanazungumza, baba yake akimweleza mwalimu namna ya kutofautisha uyoga wa kula na ule wa kuua, na adabu zote za Lusewa zikamrudia kwa mkupuo. Akakusanya khanga yake, akainuka taratibu, asogee pembeni na kuwaachia nafasi.

Mzee Anselmo hakukatiza maneno yake. Aliendelea kumweleza mwalimu kuhusu shina na chini ya mwavuli, mkono wa kulia uko chunguni, na kwa mkono wa kushoto akalikamata pindo la khanga ya binti yake, akalivuta chini.

"Kaa," akasema. "Bado kuna mchuzi."

Akakaa. Akamega.